Mbona bustani inakataa? Kusoma dalili za udongo Mombasa, kutoka Kizingo hadi Miritini

Mtu akinitumia picha ya mndimu uliogeuka njano, siulizi kwanza ametia mbolea gani. Nauliza anakaa wapi: Kizingo, Kisauni, Likoni, Miritini? Kisha nauliza kama bustani iko juu au bondeni, na maji ya mvua yakimwagika yanaelekea wapi. Majibu hayo mara nyingi yanatosha kukisia tatizo kabla jembe halijaguswa. Hapa kwetu jiwe lililo chini hubadilika mara kadhaa ndani ya safari moja ya matatu, na bakteria wa udongo, wanaogeuza mabaki kuwa chakula cha mmea, hulifuata jiwe na maji popote yanapokwenda.

Joto tuliweke kando mapema, maana wengi hulilaumu bure. Wastani wake hapa ni kama nyuzi 24 mwezi wa Julai na 28 mwezi wa Machi. Kwa bakteria walio wengi, kasi ya kazi huongezeka takriban maradufu kila joto likipanda nyuzi 10, mpaka karibu nyuzi 35. Mombasa, basi, hawana msimu wa kulala kwa baridi. Kinachowasimamisha ni ukavu wa Januari na Februari. Masika ya Aprili hadi Juni huwaamsha, Mei ikiwa ndiyo kilele, na vuli ya Oktoba na Novemba huwaamsha tena. Baada ya maji, lililobaki ni jiwe na mteremko.

Kwa hiyo ujue umesimama juu ya nini. Kisiwa chenyewe, na ukanda wa pwani wa Nyali, Bamburi, Shanzu na Likoni, umekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale na mchanga ulioambatana nao. Sehemu ya mwamba huo ilijengwa takriban miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Ukiiacha bahari kuelekea bara, hasa upande wa kaskazini, unapanda matuta ya mchanga mwekundu ambao wanajiolojia huuita mchanga wa Magarini. Changamwe na Miritini ni hadithi nyingine: chini kuna miamba laini ya tope lililoganda, ya enzi ya Jurasiki, na ikioza huacha udongo mzito wa mfinyanzi.

Mteremko nao una amri yake. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanganyika, alieleza jinsi aina za udongo zinavyofuatana kwa mpangilio ule ule kutoka kileleni hadi bondeni, kilima baada ya kilima, kwa sababu maji hubeba vitu kutoka juu na kuviacha chini. Dunia nzima ilijifunza jambo hilo kutoka kwenye milima yetu ya Afrika Mashariki. Kwa mkulima maana yake ni kwamba dawa ya jirani aliye juu ya mteremko huenda isikufae wewe uliye chini, hata kama ua ndio unaowatenganisha.

Kabla ya dalili yoyote: siki, chupa na shimo

Chukua kijiko cha udongo mkavu, weka kwenye kisahani cheupe, dondoshea siki au maji ya ndimu. Sogeza sikio. Ukisikia mchemko na kuona vipovu vinainuka pembeni mwa chembe, udongo una chokaa huru, na utajua hivyo kabla ya kulipa shilingi kwa maabara. Kimya kabisa maana yake chokaa hakuna au ni kidogo mno.

Chupa: jaza udongo theluthi, maji mpaka karibu na shingo, chembe ya sabuni ya unga, tikisa vizuri kisha iache mpaka kesho. Mchanga hutua ndani ya dakika moja, vumbi la kati baada ya saa chache, mfinyanzi hubaki ukielea na kutua mwisho.

Shimo: chimba kama futi moja, lijaze maji, liache likauke, lijaze tena. Mara ya pili ndiyo uangalie saa. Likimalizika ndani ya dakika chache uko juu ya mchanga au ufa wa mwamba. Likilala na maji usiku kucha, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya harufu.

Dalili: majani machanga ni njano, mishipa imebaki kijani

Tazama vizuri ni majani yapi. Yakianza yale ya zamani, ya chini, na jani zima kupauka, huo ni upungufu wa nitrojeni. Yakianza machipukizi, yakawa njano kati ya mishipa huku mishipa yenyewe ikichorwa kijani kama ramani, mmea unakosa chuma. Mndimu, mpera na mparachichi hulalamika haraka kuliko wengine.

Na udongo wa Kizingo au Nyali haujakosa chuma hata kidogo, umekifunga. Mwamba wa matumbawe ni kalsiamu kaboneti, na udongo uliolala juu yake huwa na pH ya karibu 8 (pH ni kipimo cha asidi: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni kinyume cha asidi). Kila pH ikipanda kwa kizio kimoja, chuma kinachoweza kuyeyuka majini hupungua takriban mara elfu. Fosforasi nayo hushikamana na kalsiamu, zinki hujificha. Mwenye bustani huona njano, hukimbilia duka la pembejeo, hununua urea, na hapo tatizo la pili linaanza. Bakteria wengi wa udongo hutoa kimeng'enya kinachoivunja urea kuwa amonia. Kwenye udongo wenye chokaa, wenye joto, amonia hiyo hupaa hewani badala ya kubaki ardhini. Harufu kali inayopanda puani asubuhi baada ya kutia urea juu juu ni pesa yako inaondoka.

Cha kufanya: acha jivu. Hili nalirudia kila mahali kwa sababu jivu la jikoni linapendwa mno, na juu ya matumbawe linaongeza ugonjwa uleule. Tia mboji iliyoiva kwa wingi, maana asidi dhaifu zinazotolewa na bakteria wakila mboji, na vitu wanavyovitema ili kushika chuma, huweza kukifungua kidogo karibu na mizizi. Kwa mti ulio taabani, nyunyizia majani chuma cha aina ya kileti, yaani kilichofungiwa ili chokaa isikishike, jioni. Urea kama ni lazima, ifukie na umwagilie papo hapo.

Wengine hupewa ushauri wa kutia salfa. Kwenye chungu cha maua inafanya kazi: kuna bakteria wanaoila salfa na kuigeuza asidi. Kwenye kiwanja cha Nyali utakuwa unamwaga asidi juu ya jiwe la chokaa lenye kina cha mita nyingi. Jiwe litashinda. Afadhali pesa hiyo ununue mche unaoipenda chokaa: mtini, mwarobaini, mnazi.

Dalili: samadi haikai

"Nilitia mikokoteni ya samadi mwaka jana, mwaka huu mchanga mtupu." Hili ndilo lalamiko kubwa la Kisauni na Likoni, na anayelitoa huhisi ameuziwa samadi mbovu. Samadi ilikuwa nzuri tu, bakteria wameimaliza.

Linganisha na nyanda za juu. Muguga, karibu na Nairobi, iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na huko kuna ubaridi miezi mingi. Tofauti ya nyuzi 10 hivi kati ya huko na hapa inatosha kuwafanya bakteria wetu wale kwa kasi maradufu. Na katika mchanga hawana kizuizi. Mfinyanzi huificha mboji ndani ya vijidonge vidogo ambamo bakteria hawafiki, ilhali mchanga huiacha wazi.

Muguga hiyohiyo ndiko mtafiti H. F. Birch alikoeleza, mwaka 1958, jambo ambalo kila mkulima wa pwani hulikuta bila kulijua. Udongo uliokauka sana ukipata maji kwa mara ya kwanza, bakteria hulipuka kwa kazi. Ndani ya siku chache kaboni dioksaidi hutoka kwa wingi, na nitrojeni iliyokuwa imefungwa ndani ya mabaki na ndani ya miili ya vijidudu vilivyokufa kwa ukavu huachiliwa mara moja. Kisha mlipuko hupoa. Kadiri kiangazi kilivyokuwa kirefu ndivyo mlipuko unavyokuwa mkubwa.

Sasa weka jambo hilo kwenye kalenda yetu. Udongo umekaa mkavu Januari mpaka Machi. Mvua ya kwanza ya masika inaanguka, ile harufu tamu ya ardhi inapanda (inatokana zaidi na jamii ya bakteria waitwao Streptomisesi), nitrojeni inamwagika. Kama mbegu bado iko dukani, mvua nzito za Mei zitaishusha nitrojeni hiyo chini ya mchanga, mahali mzizi wa mchicha hautafika kamwe. Kwa hiyo wazee wanaopanda kwenye udongo mkavu, kabla wingu halijafunguka, wana hoja nzito hata kama mbegu chache huliwa na mchwa na kuku.

Dawa ya hali hii ni ratiba. Gawanya samadi: kidogo kabla ya mvua ya kwanza, kidogo baada ya palizi ya kwanza, kidogo tena kwa vuli. Funika ardhi. Makumbi ya nazi ni hazina ambayo tunaichoma bila haya. Yana lignini nyingi, ile inayoufanya mti kuwa mgumu, bakteria huyatafuna polepole, na yanashika maji. Yatangulize kulowa na kusuuzwa kama yametoka karibu na bahari, maana hubeba chumvi. Vumbi la makaa linalobaki chini ya gunia nalo lichanganywe na samadi. Kaboni ya makaa hukaa ardhini miaka mingi kuliko mboji yoyote, na matundu yake huwa makazi ya vijidudu.

Ukitaka kujua kama bakteria wako wana nguvu, zika kitambaa cha pamba tupu, kwa mfano kipande cha fulana kuukuu, kwa kina cha kiganja, wakati wa mvua. Kifukue baada ya wiki 8. Kikirudi nyuzi tu na mshono wa nailoni, wapo na wana njaa. Kikirudi kizima, udongo ni mkavu, una chumvi, au umezama majini, na hizo ndizo sehemu zinazofuata.

Dalili: udongo unanuka yai bovu

Chimba mpaka ufike penye maji, utazame rangi. Udongo mwekundu au wa kahawia unaogeuka kijivu cha buluu, ukiwa na madoa ya kutu kando ya mizizi, umekosa hewa kwa muda mrefu. Oksijeni husafiri ndani ya maji polepole mara 10,000 hivi kuliko ndani ya hewa. Matundu yakijaa maji, bakteria huimaliza oksijeni iliyopo ndani ya siku moja au mbili, kisha wengine wenye mbinu tofauti huchukua zamu. Wa kwanza hutumia nitrati, na nitrojeni yako hurudi angani kama gesi. Wanaofuata hutumia chuma, ndipo rangi nyekundu inapopotea. Baadaye wanakuja wale wa salfeti, na harufu ya yai bovu ni yao.

Utakutana na hili kwenye mabonde ya Changamwe na Mikindani, na popote mtaro wa barabara umezibwa. Kutia samadi mbichi mahali hapo ni kuongeza mlaji bila kuongeza hewa, harufu itazidi. Inua matuta futi moja, fungua njia ya maji, ukaushe kwanza, lishe baadaye. Kama huwezi kuyatoa maji, panda kinachoyapenda: nduma, migomba pembezoni, au mpunga kama eneo ni kubwa.

Kuna desturi ya kuchota tope jeusi la mikoko, upande wa Tudor au Port Reitz, kwa imani kwamba weusi ni rutuba. Tope hilo lina chumvi, na mara nyingi lina sulfidi ya chuma iliyotengenezwa na hao bakteria wa salfeti. Likiwa chini ya maji linatulia. Likitandazwa juani likapata hewa, bakteria wa kundi jingine huigeuza sulfidi kuwa asidi ya salfa, na pH huweza kushuka chini ya 4. Kama lina vipande vya makombe na matumbawe vya kutosha, chokaa itaizima asidi. Kama halina, utabaki na kiraka ambacho hata magugu yanakikwepa. Tope la mikoko liacheni kwa mikoko.

Dalili: ukoko mweupe juu ya ardhi, ncha za majani zimeungua

Ukoko mweupe una asili mbili, na siki hutenganisha. Ukichemka ni chokaa, mara nyingi kutoka kwa maji magumu ya kisima. Usipochemka, bali ukayeyuka upesi ndani ya maji safi, ni chumvi.

Kisiwani na kando ya pwani, maji baridi ya kisima huelea juu ya maji ya bahari ndani ya mwamba wenye matundu. Pampu ikivuta sana, hasa wakati wa kaskazi ambapo mvua haijazi kilichotolewa, maji ya chumvi hupanda. Mwenye nyumba huyaonja kwenye chai kabla mboga hazijasema. Halafu anamwagilia kidogo kidogo kila siku saa sita mchana, jua linachukua maji na kuacha chumvi, na baada ya msimu mmoja ukoko uko kwenye migongo ya matuta.

Chumvi huvuta maji kutoka ndani ya bakteria vilevile inavyovuta kutoka kwenye mizizi. Wanaoumia mapema ni wale wanaogeuza amonia kuwa nitrati, kwa hiyo mmea hupata njaa katikati ya mbolea. Mwagilia mara chache lakini kwa wingi, jioni, ili maji yashuke yakiwa na chumvi. Kinga maji ya paa wakati wa masika. Debe la maji ya mvua hapo lina thamani kuliko gunia la mbolea. Maharagwe yatakufa mapema, pilipili hoho zitadumaa, lakini mnazi na spinachi huvumilia.

Ikiwa majani yameungua upande mmoja tu wa mmea, ule unaotazama bahari, na ni kati ya Mei na Septemba, udongo hauna hatia. Kusi inarusha mvuke wa chumvi. Panda ua.

Dalili: kunde hazina vinundu, au vinundu vimepauka

Vinundu ni vijivimbe vya mizizini. Usiing'oe kunde kwa kuvuta, hukatikia ardhini. Chimba na donge lake wiki ya sita hivi, loweka kwenye ndoo, suuza polepole. Kata kinundu kwa ukucha. Ndani pakiwa na rangi ya waridi au nyekundu, bakteria wa jamii ya rizobiamu wanavuta nitrojeni kutoka hewani. Rangi hiyo ni ya protini inayobeba oksijeni, ndugu wa ile iliyo kwenye damu yetu. Weupe maana yake hawajaanza au hawafanyi kazi; ukijani maana yake wamechoka.

Kunde na pojo haziringi, hukubali bakteria walioenea kwenye udongo wa joto, kwa hiyo sioni haja ya kununua chanjo ya mbegu (bakteria wa kupaka mbegu) kwa ajili yake. Soya ndiyo inayochagua. Vinundu vikikosekana kabisa, kagua kwanza kama ulitia mbolea ya nitrojeni. Mmea ulioshiba haumkaribishi mgeni. La pili ni joto la juu ya ardhi: mchanga mtupu wa Utange mchana wa Februari hupita nyuzi 40 kwa urahisi, na hapo rizobiamu hufa kwa wingi. Matandazo ya nyasi yanatosha. La tatu, kwenye mchanga mwekundu, ni asidi na uhaba wa fosforasi.

Dalili: udongo mwekundu unatoa mazao hafifu, mvua inateleza juu

Matuta ya Magarini yameoshwa na mvua kwa muda mrefu mno. Kalsiamu, magnesi na potasi zimeshushwa, kilichobaki ni mchanga uliopakwa kutu ya chuma, wenye asidi. Matone ya mvua yakipiga udongo huo ukiwa mtupu, chembe ndogo huziba matundu na kufanya utando. Kwatua utando kwa reki, funika, na hapa ndipo jivu lina nafasi yake. Kilekile nilichokukataza Kizingo nakiomba Kisauni ya juu, kidogo kila msimu, kwa sababu bakteria wanaotengeneza nitrati hulegea pH ikishuka chini ya 5.5.

Sasa kuna biashara ya lori la udongo mwekundu kumwagwa juu ya matumbawe ya Nyali ili kupata bustani ya haraka. Mwaka wa kwanza mambo huwa mazuri. Kisha maji ya kisima yaliyojaa chokaa hufanya kazi yake, pH hupanda taratibu, na mndimu unaanza kuchora ramani kwenye majani. Kabla hujaagiza lori la pili, pima ulichonacho kwa siki. Ukiona vipovu kwenye udongo mwekundu, maji ndiyo ya kutibiwa.

Dalili: ufa wakati wa jua, ulimbo wakati wa mvua

Huo ni Miritini, Jomvu na pande zake. Mfinyanzi unaovimba na kusinyaa. Rutuba si mbaya. Hewa ndiyo haba. Finyanga donge: likijiviringa kuwa kamba nyembamba bila kukatika, weka jembe chini, usilime leo. Ukiulima umelowa unaufunga kwa msimu mzima. Kwenye mteremko chimba makinga maji kufuata usawa wa kilima, maana bakteria walio wengi wanaishi katika sentimita 20 za juu, na hizo ndizo zinazokwenda na mafuriko.

Dalili: jembe linagonga jiwe baada ya vidole vitatu

Watu huuliza kwa nini pwani yenye mvua na joto hivi ina udongo mwembamba namna hii. Jibu liko ndani ya jiwe lenyewe. Granaiti ikioza huacha mchanga na mfinyanzi. Matumbawe hayaozi hivyo, huyeyuka. Maji ya mvua hubeba kaboni dioksaidi, na hewa ya ndani ya udongo ina gesi hiyo mara nyingi kuliko hewa ya nje, kwa sababu mizizi na bakteria wanapumua. Maji hayo huwa asidi dhaifu, huyeyusha kaboneti na kuipeleka kisimani. Kinachobaki ni uchafu uliokuwa ndani ya jiwe. Tuseme uchafu huo ni asilimia 5: sentimita 20 za mwamba zitakupa sentimita moja ya udongo, na hiyo ni kama hakuna kilichosombwa. Ndiyo maana mizizi ya mbuyu hutafuta mifuko na nyufa, ambamo udongo mwekundu umejikusanya.

Je, mtu anaweza kuharakisha? Bamburi imejibu. Machimbo ya saruji yaliacha sakafu ya matumbawe matupu, bila udongo, jua likiwaka juu yake. Mwaka 1971 Mswisi René Haller alianza kujaribu miti. Kati ya aina 26 alizopanda, tatu tu ndizo zilizosimama: mvinje, mnazi, na damasi, mti wa jamii ya Conocarpus. Mvinje ulishinda kwa sababu mizizi yake hukaa na bakteria waitwao Frankia, wanaoupa nitrojeni kutoka hewani pale ambapo ardhini haipo.

Ila majani yake membamba yalidondoka, yakalundikana, yasioze. Yana tanini nyingi, na bakteria waliyakataa. Suluhisho lilikuwa jongoo, yule mkubwa wa miguu mikundu tunayemruka njiani wakati wa mvua. Waliletwa, wakayatafuna majani, na kinyesi chao bakteria wakakipokea. Mboji ikaanza kuota juu ya jiwe, miti mingine ikafuata, na leo hii Haller Park ni msitu ambao watoto wa shule huletwa kuona twiga na viboko. Mimi naona watazame chini kwanza.

Kwa hiyo ukiwa na vidole vitatu vya udongo, usichimbe jiwe. Jenga juu. Panga mawe ya matumbawe kuwa kingo, lundika majani, makumbi, machicha ya nazi na samadi kwa tabaka, na jongoo uwaache waishi. Hawali mboga hai wakiwa na majani makavu ya kutosha. Panda mvinje au mbaazi upande wa bahari. Urefu wa lundo utashuka nusu baada ya masika, jazia.

Ikiwa umepita kote na bado hujui

Peleka sampuli maabara. KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, wana kituo Mtwapa ambako unaweza kuanzia kuuliza, na maabara za udongo za Kabete hupokea sampuli. Tembea shamba kwa mkato wa zigizaga, chukua udongo sehemu 10 hadi 15 kwa kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, toa nusu kilo, anika kivulini. Usichanganye juu ya mteremko na bonde. Hizo ni sampuli mbili. Usichukue palipolala samadi wala kando ya choo. Omba pH, chumvi, kaboni ya mboji na fosforasi, na uwaambie waziwazi kwamba unatoka kwenye matumbawe, maana njia ya kupima fosforasi kwenye udongo wa chokaa ni tofauti na ile ya udongo wa asidi, na majibu ya njia isiyofaa yatakupoteza.